Nilimpiga picha bibi wa karafuu Wete. Akaniuliza swali moja tu

#1 Mleta uzi

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mnisamehe kwa urefu, jambo lenyewe halikatiki.

Mimi ni mpiga picha. Mkate wangu unatoka kwenye harusi na picha za pasipoti, lakini kazi ninayoipenda ni picha za watu, nyeusi na nyeupe, za mkanda, zinazosafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza. Msimu wa karafuu uliopita nilivuka kwenda kwetu Wete, Pemba, na mikanda 6. Wachumaji juu ya mikarafuu wameshapigwa picha sana. Mimi nilitaka kile kinachofanyika usiku majumbani, karafuu zikishashuka.

Kwa wasiojua: karafuu ikichumwa inakuja na vikonyo vyake. Usiku ukoo mzima unakaa juu ya jamvi kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, ili asubuhi zianikwe kabla hazijachacha. Watoto wanasinzia juu ya marundo, wakubwa wanahadithiana habari za ndoa na mirathi, na harufu inaganda kwenye nguo wiki nzima.

Katika nyumba moja alikuwapo bibi wa miaka 70 na kitu. Anachambua huku anazungumza, hata mikono yake haitazami. Umeme ukakatika, ikawashwa taa ya chemli, ikawekwa kushotoni kwake. Uso nusu ukawaka, nusu ukaingia gizani. Nikamuomba ruhusa mwanawe wa kiume, akasema piga tu, si neno. Nikapiga 4.

Yeye mwenyewe sikumuuliza.

Picha moja kati ya zile ilitoka vizuri sana. Niliichapisha kubwa, ikatundikwa kwenye maonesho Mji Mkongwe, chini yake nikaandika "Mikono ya Karafuu". Watu walisimama mbele yake. Mgeni mmoja alifuta machozi, kisha akainunua. Nikaitia na mtandaoni, ikasambaa.

Miezi sita baadaye nikarudi Wete na nakala ndani ya fremu, nimebeba kama zawadi. Bibi akaomba miwani. Akaitazama muda mrefu, halafu akaniuliza:

"Mwanangu, hapa umenipiga mimi, au umepiga uzee?"

Nikamwambia, bibi, watu wameipenda sana. Akasema, "Watu gani? Wananijua?" Halafu akaongeza kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenziwe aibu: "Kanga yenyewe ya kazi. Na jina lake umelikata."

Kweli. Nilipoitazama tena, ukingo wa picha umepita katikati ya maandishi. Limebaki neno moja, "sikati". Kanga ile ilisema *Japo sipati tamaa sikati*. Mimi mtoto wa Kipemba, niliyelelewa na wanawake wanaozungumza kwa kanga, sikuyaona maneno aliyoyavaa mtu mwilini.

Akaingia ndani. Nikasikia kifuniko cha sanduku. Alipotoka alikuwa amevaa doti mpya, kope zina wanja, udi unamtangulia. Akavuta kiti barazani, akanyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani. "Haya. Sasa piga."

Mkandani zilibaki picha 3. Mwanga wa baraza wakati ule ulikuwa laini, hauna kivuli cha kuvutia. Nilipozisafisha niliona picha za kawaida: bibi amekaa kitini, anatazama kamera. Mhariri wa gazeti asingeichagua hata moja. Lakini nikaziweka mbili mezani, ya usiku na ya barazani, na tangu siku hiyo sina raha. Kwenye ya kwanza namwona mtu ninayemtazama. Kwenye ya pili mtu ananitazama na mimi.

Na kuna jingine lazima niliseme. Ile mikunjo ya uso iliyowaliza watu, sehemu kubwa nimeitia mimi. Nilichapisha kwenye karatasi ya gredi ngumu, inayozidisha weusi na weupe, nikazipa pembe mwanga wa ziada (tunaita kuchoma) mpaka zikawa nyeusi tii, na ile ya mtandaoni nikaivuta kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, mpaka kila mstari ukasimama. Bibi wa kweli uso wake ni mlaini kuliko ule. Ana vishimo mashavuni akicheka.

Sasa kuna watu wa nje wanataka kuitia ile ya kwanza kwenye kitabu. Wananipa fedha nzuri. Sijawajibu. Naomba mnisaidie kufikiri.

#2 Bint Jambiani

Wa alaykum salaam kaka. Nimesoma nikaacha kazi.

Mimi ni mkulima wa mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza huku pwani ya mashariki mwaka 1989, mama yangu akiwa miongoni mwa wale wa mwanzo, nami nikaingia nikiwa msichana. Tunafuata maji. Bamvua likitoa, tunashuka na vijiti na kamba, tunainama masaa matatu manne, maji yakijaa tunapanda. Na kila bamvua mgeni yupo na kamera yake.

Nimewahi kuoneshwa picha zetu kwenye simu na kwenye kadi zinazouzwa mjini. Nyingi ni migongo. Mwanamke ameinama, makalio juu, uso hauonekani, kanga imelowa imemganda mwilini. Nyeusi na nyeupe ndiyo mbaya zaidi, maana ikitolewa rangi inaitwa sanaa, na ikiitwa sanaa hakuna anayeuliza mbona umempiga mama wa watu katika hali ile. Hapa kwetu mwanaume akisimama nyuma ya mwanamke aliyeinama akamkodolea macho, ataambiwa. Akiwa na kamera haambiwi.

Neno ambalo hukulitaja kaka ni stara. Bibi hakukwambia picha mbaya. Alikwambia hukumsitiri, na akaondoka kwenda kujisitiri mwenyewe kisha akarudi. Mimi ningekuwa yeye ningekufukuza.

#3 Karafuu Kavu

Mimi nitakwenda kinyume na nyinyi, na msinichukie.

Baba yangu alikuwa mchumaji, Konde. Alichuma tangu hajabaleghe mpaka siku aliyoanguka kutoka mkarafuuni. Aliishi miaka miwili kitandani, halafu Mungu akamchukua. Kwenye nyumba yetu ipo picha yake moja: pasipoti saizi, ya kitambulisho, tulipeleka studio ikakuzwa. Nyuma pamepakwa buluu. Amevaa koti ambalo silijui, nadhani ni la studio. Anatazama mbele kama mtu anayesubiri kuhukumiwa.

Huyo si baba yangu. Baba yangu alikuwa na fulana iliyotoboka begani palipokuwa panapita kamba. Alikuwa na makovu ya matawi. Alikuwa anapanda mti kama anayepanda ngazi ya nyumbani kwake, anaimba. Mpiga picha angempiga pale juu, kanga ya kiunoni imechanika, jasho linamtiririka, nyeusi na nyeupe, rangi, vyovyote, leo ningempa nilichonacho chote.

Mnaposema stara, mnaposema nguo nzuri, nawaelewa. Lakini kazi si aibu. Nguo ya kazi si uchi. Tukianza kuwapiga watu wetu wakiwa wamevaa tu, wamekaa vitini tu, basi nani atajua kwamba karafuu hizi zinazosifiwa kila hotuba zinashuka juu ya migongo ya watu? Picha ya bibi usiku, chini ya chemli kwa sababu umeme umekatika, ni ushahidi. Usiufiche ushahidi kwa kuwa bibi ana kanga nzuri zaidi sandukuni.

Kitabuni waitie. Na fedha mgawane na bibi.

#4 Pwani Mchangani

Nafuatilia. #3 umenigusa sana, Mungu amrehemu mzee wetu.

#5 Fundi wa Haipo

Vijana, salaam. Nimefanya kazi chumba cha giza tangu 1974 mpaka mikanda ya rangi na mashine zake ilipotufungia milango. Hilo jina langu ni la dawa, wakongwe wanaijua: picha bila kutiwa haipo inarudi nyeusi yote ukiitoa kwenye mwanga.

Nimwambie mleta uzi jambo moja la ufundi, kwa sababu mambo ya heshima mengine yanaanzia kwenye ufundi, watu hawajui.

Sahani na mikanda ya zamani za kale zilikuwa haziioni rangi nyekundu. Za mwanzo ziliona buluu tu, za baadaye na kijani. Ngozi ya mtu mweusi ina wekundu mwingi ndani yake, iwe maji ya kunde iwe nyeusi ya mpingo. Kwa hiyo mtu akipigwa kwa sahani ile anatoka mweusi kuliko alivyo, midomo inakuwa kama makaa, kila kijishimo na kila mstari unasimama. Mkitazama picha za karne ya 19 za watu wetu na mkaona nyuso ngumu kama zimechongwa, msidhani watu wale walikuwa na nyuso ngumu. Ni sahani. Ilipoenea mikanda ya panikromatiki, inayoona rangi zote, nyuso zikalainika, kana kwamba Waafrika wote walipumzika siku moja.

Sasa leo kijana anapiga kwa rangi, anaingia kwenye programu, anaitoa rangi, halafu anashusha rangi ya chungwa na nyekundu ili ngozi iwe nyeusi zaidi na mistari itoke. Anairudisha sahani ya kale kwa hiari yake. Namuuliza kwa nini, ananiambia "inakuwa na nguvu". Nguvu ya nani?

La pili. Kipima mwanga cha kamera hakimjui mtu. Kinataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, ile asilimia 18. Mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono, ukipima kanzu, uso unazama, unabaki na meno. Ukiacha kamera ichague mtu mweusi mbele ya ukuta mweusi, inamfanya jivu. Sisi tulipima shavu lenyewe, halafu tunafunga stopu moja, yaani tunapunguza mwanga nusu, ili ngozi ibaki na weusi wake na bado uone kilichomo ndani ya weusi ule. Kisha tunamgeuza mtu aelekee ukuta wa chokaa. Ukuta wa chokaa unamrudishia mwanga machoni bila kumuumiza. Lazima machoni pawe na nukta. Macho bila nukta ni macho ya maiti, bosi wangu alikuwa anatupiga kofi kwa hilo.

Na maji. Dawa inataka nyuzi 20, maji ya bomba ya hapa yana moto zaidi ya hivyo mwaka mzima. Tulikuwa tunanunua barafu ya wavuvi. Ukisafisha kwa maji ya moto kontrasti inapanda mwenyewe, nyuso zinakauka. Tulikuwa tunatafuta barafu saa sita ya mchana kwa ajili ya uso wa mtu tusiyemjua.

Mteja akija tulimpa kioo na kitana kabla ya kumwasha taa. Hatukumwambia kaa hivi mpaka yeye amekwisha kukaa anavyotaka. Akina mama wengine walikuja na kanga tatu, wanabadilisha. Tuliwangoja.

#6 Mleta uzi

Mzee Fundi, shikamoo. Hilo la kupima shavu nilifundishwa, lakini la kioo na kitana hakuna aliyenifundisha. Ningempa bibi kioo usiku ule, yote haya yasingekuwapo.

Karafuu Kavu, nimekusoma mara nyingi. Sina jibu la kukutosha. Umenifanya nione kwamba nimekuwa mwepesi wa kuitupa ile ya kwanza ili nijisikie nimetubu. Pole sana kwa mzee.

Lakini neno lako "ushahidi" linanirudisha kwenye kisa kimoja. Mwaka 1936 huko California, mpiga picha Dorothea Lange, aliyekuwa akilipwa na serikali ya Marekani kupiga picha za shida za wakulima, alimkuta mama mmoja kwenye kambi ya wachumaji wa njegere, ana watoto wamemwegemea. Picha ile ikawa maarufu dunia nzima, nyeusi na nyeupe, uso wa mama umekunjamana kwa mawazo, mkono shavuni. Lange hakumuuliza jina. Kwa zaidi ya miaka 40 mama yule alikuwa tu "mama mhamiaji". Alipojulikana, mwaka 1978, jina lake Florence Owens Thompson, alisema anatamani picha ile isingepigwa, na kwamba hakupata hata senti. Ushahidi ulifanya kazi yake, chakula kilipelekwa kambini, ingawa yeye na wanawe walikuwa wameshaondoka. Na mwaka 1983 alipougua, watu walichanga zaidi ya dola 35,000 kwa sababu ya picha hiyohiyo.

Kwa hiyo huwezi kusema picha ile haikufaa. Ilifaa sana. Ila kwa miaka 40 mtu mzima, mwenye jina, mwenye ukali wake na vicheko vyake, aliishi ndani ya nyumba yake akijijua kuwa ni bango la umaskini wa nchi. Nami namwona bibi wa Wete amekaa hivyo mahali fulani, kwenye meza ya kioo ya mtu, chini yake pameandikwa "Mikono ya Karafuu". Hata mikono si ya mtu, ni ya karafuu! Niliandika mimi hiyo.

#7 Msomaji wa Nyaraka

Uzi mzuri. Niongeze upande wa historia, nimekaa na picha za zamani za Unguja miaka mingi.

Mwishoni mwa karne ya 19 mji huu ulikuwa na studio za Wagoa, watu wa Goa ya Bara Hindi, akina A.C. Gomes na akina Coutinho. Watu wakubwa waliingia pale wakapigwa kwa majina yao. Tippu Tip anajulikana sura mpaka leo, upanga, joho, kilemba. Lakini studio hizohizo ziliuza kadi za posta kwa abiria wa meli, na humo utamkuta mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji, na maandishi ya chini yanataja kabila au kazi. Jina hamna. Chumba kimoja, kamera moja, mtu mmoja anatoka ana jina, mwingine anatoka ni "aina". Aliyelipia picha ndiye aliyepata jina. Nadhani hilo ndilo tofauti lenyewe.

Kuna picha za nyuma zaidi zinazonikaa kifuani. Mwaka 1868 meli ya kivita ya Kiingereza iitwayo Daphne ilikamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu, na watu waliotolewa humo wakapigwa picha juu ya sitaha. Watoto wengi, mbavu nje. Picha zile zilisaidia kampeni ya kukomesha biashara ile, soko la hapa lilifungwa 1873. Karafuu Kavu yuko sahihi, picha ya mateso inaweza kufungua mlango. Ila hakuna aliyewangoja wale watoto wavae.

Sasa nguo. Mtumwa hapa alivaa kaniki au merikani, vipande vya kitambaa kisicho na pambo, kichwa wazi. Hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka kwenye utumwa na watoto wao walikimbilia kanga, baadaye na buibui. Si mapambo. Ilikuwa njia ya kusema mbele ya watu kwamba mimi si wa mtu. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab. Alitoka kwenye asili hiyohiyo, na mtazameni kwenye picha zake alivyojipanga.

Kwa hiyo bibi wa Wete alipofungua sanduku hakuwa na maringo. Kuna bibi wa bibi yake aliyewahi kusimama kichwa wazi mbele ya watu pasipo hiari. Nguo nzuri mbele ya kamera kwetu ina umri kuliko kamera yenyewe.

Wanaoweza wapite Barabara ya Kenyatta, Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, mwanawe Rohit akaiendeleza. Tazameni picha za watu wa kawaida pale ukutani. Nyeusi na nyeupe zilezile, hazimwombei mtu huruma.

#8 Bint Jambiani

@Karafuu Kavu nimelia kwa habari ya baba. Sikutaka kusema kazi ni aibu, kazi ndiyo inanilisha. Nilichosema, aulizwe. Ungeulizwa wewe mwana, au angeulizwa baba akiwa juu ya mti, "Mzee, nikupige ukiwa hapo?", najua angekubali na angeimba kwa sauti zaidi.

Aliwahi kuja dada mmoja na kamera. Bamvua la kwanza hakupiga hata moja, alifunga kamba na sisi, akachomwa na shokowe akapiga kelele tukacheka. Bamvua la pili akauliza nani anataka. Tukataka watatu. Mimi nikamwambia nipige nimesimama, nimeshika kamba, bahari nyuma yangu. Nimelowa mpaka kiunoni kwenye picha ile, uchovu unaonekana, naipenda. Akaileta. Ipo juu ya kabati.

#9 Karafuu Kavu

Dada umenijibu. Nakubali la kuulizwa.

Swali langu limebaki moja, kwa Msomaji na wengine. Studio zile zilimtengeneza mtu. Koti la kuazima, saa ya kuazima. Baba yangu kwenye koti lile si kweli. Je, utu ni kumwonesha mtu asivyokuwa?

#10 Msomaji wa Nyaraka

Swali zito. Kule Bamako, Mali, alikuwapo Seydou Keïta, alifungua studio 1948. Aliweka saa, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa, mteja achague. Mtu aliyeshika redio si yake hadanganyi, anakwambia anakoelekea. Lakini koti la baba yako halikuchaguliwa na baba. Alivalishwa kwa ajili ya kitambulisho, mbele ya mtu mwenye haraka, foleni nyuma. Hiyo haikuwa studio, ilikuwa ofisi.

Ajabu ni kwamba picha za Keïta zilipooneshwa New York mwaka 1991, ziliandikwa kuwa mpiga picha hajulikani. Yeye yupo hai Bamako wakati huo. Ukizoea kutouliza jina la anayepigwa, hata la mpigaji hutauliza.

#11 Mwana wa Mkoani

Mleta uzi, na ridhaa ya mtoto wa kiume kwa niaba ya mama? Hapo mimi ndipo ninapokwama. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Kila mtu. Haisemi kila mwanamume na aliyenaye nyumbani. Bibi anachambua pale, masikio anayo, mdomo anao, anaongea!

#12 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mkoani, huna kosa. Nilimuuliza mwanawe kwa kuwa alikuwa karibu na mlango na kwa kuwa nilijua atakubali.

Wiki hii sikuandika kwa sababu nilivuka tena. Nimerudi jana, naandika nikiwa bado nanuka bandari.

Nilikwenda na picha zote saba, zile 4 za usiku na 3 za barazani, ndogo ndogo, nikampangia juu ya mkeka. Nikamweleza habari ya kitabu, ni cha nani, kitauzwa wapi, fedha kiasi gani. Nikamweleza na ile iliyouzwa kwenye maonesho, jambo ambalo nilikuwa sijamwambia, na nikamwekea sehemu yake mbele yake. Alizihesabu akazifunga kwenye ncha ya kanga. Hakusema asante wala hakunilaumu.

Halafu akazigawa picha mafungu mawili kama anachambua karafuu. Mikono ileile, haraka ileile.

Za barazani akasema, "Hizi za watu." Akachagua moja, ile ambayo kidevu kimeinuka kidogo, niikuze. Wa kitabu wakitaka, wapewe hiyo, na jina lake liandikwe kamili mpaka la babu yake. Wasipoitaka, basi.

Za usiku akazikusanya akaziweka mapajani. Nilidhani atazichana. Akasema, "Hizi za nyumbani." Akamwita mjukuu wa kike, miaka kama 9, akamwonesha: huyu bibi yako, tulikuwa tunachambua, umeme umekatika, na huu mguu hapa pembeni ni wako, ulikuwa umelala. Kwenye picha ile nilikuwa nimekata mguu wa mtoto wakati wa kuchapisha, kwenye hizi ndogo nilizochapisha bila kukata, upo. Mtoto akacheka, akataka moja yake. Akapewa.

Karafuu Kavu, nilikukumbuka pale pale.

Nilimuuliza kwa nini za kazi ni za nyumbani. Akasema wa nyumbani wakimwona amechoka watajua alichoka kwa nini.

Watu wa kitabu nimewaandikia. Wamejibu kwamba ya barazani haiendani na kitabu chao. Sawa. Ya usiku nimeitoa mtandaoni kwenye ukurasa wangu, ingawa kwingine najua ipo. Yule aliyeinunua nimemwandikia kumwomba aandike jina la bibi nyuma ya fremu. Bado kimya.

Sasa Mzee Fundi, nina shida ya kikazi. Ukutani kwa bibi ipo picha ya marehemu mumewe, ya studio, ya miaka ya 60, amevaa kanzu na koti. Anataka ile yake ya barazani ikae ubavuni mwake, ukubwa mmoja, rangi ya karatasi ifanane. Ya marehemu imepata unyevu, pembe ya chini imeganda kwenye kioo cha fremu. Nimeogopa kuigusa. Amenikabidhi na fremu yake. Nifanyeje?

#13 Fundi wa Haipo

Usiibandue! Ikiganda kwenye kioo ukiivuta inaacha uso kwenye kioo. Ilete kama ilivyo, kioo na fremu. Tutaipiga picha ikiwa ndani ya kioo, mwanga wa pembeni pande mbili, nyuzi 45, ising'ae, tutoe negetivu mpya. Kisha kutoka kwenye negetivu hiyo tunachapisha, na ya bibi tunachapisha siku hiyohiyo, karatasi moja, dawa moja, ndipo zitafanana. Karatasi ya zamani ilikuwa na joto kidogo, tutaitia rangi ya chai, ninajua kipimo.

Na negetivu zako za Wete zimo kwenye nini? Kama zimo kwenye mfuko wa nailoni zitoe leo, zitaota ukungu kabla ya masika kwisha. Karatasi kavu. Njoo Jumamosi baada ya Alasiri, upite kwa wavuvi uchukue barafu, kilo 5 zinatosha.